Barua kwa mwanangu: kabla hujaiita filamu mbovu

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu na anauliza kama koti umelipata. Jumbe zako tatu kuhusu filamu ulizotazama nimezisoma. "Vuta N'kuvute imenichosha, giza tupu." "Nairobi Half Life kali ila sikuelewa nusu." "Supa Modo nimelia mpaka nimekasirika."

Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Aliyechoka amechoka, na chozi halina mtu wa kulibishia. Ila ninakuuliza: uchovu ulianza dakika ya ngapi, na ulitoka wapi? Kwenye filamu yenyewe, kwenye TV yenu, kwenye nakala mliyowekewa kwenye flashi, au kwako wewe uliyeshinda maktaba na kukaa kutazama saa tano usiku? Mtu akishindwa kutenganisha hayo manne, anaweza kumhukumu mwongozaji kwa kosa la rimoti. Basi leo nitakuandikia kirefu, kwa sababu kwenye simu unanikatisha.

Nianze na giza, kwa kuwa ndilo lililokuudhi zaidi.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ile ile ya Adam Shafi mliyoisoma kidato cha tano na sita. Tupo Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin ameozwa akiwa binti mdogo kwa mwanamume mzee, anaikimbia ndoa, anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na polisi. Sasa fikiria watu hawa wanakutana wapi na saa ngapi. Hawakutani uwanjani saa sita mchana. Wanakutana ndani ya nyumba zenye kuta nene, mwanga ukiingia kutoka upande mmoja, nusu ya uso inaonekana na nusu imefichwa. Lile giza lina kazi, na lina ngazi zake: kuna weusi wa ukuta, weusi wa nywele, weusi wa kivuli cha mlango. Mwenye kuiona vizuri anaona ngazi zote hizo. Wewe uliona tope moja.

Tope limetoka wapi? Kwanza, nakala. Uliniambia faili lilikuwa na MB 350. Filamu ina dakika 92, kwa hiyo ni chini ya MB 4 kwa kila dakika. Programu inayobana video huanza kuiba pale inapodhani jicho halitagundua, na jicho halioni vizuri gizani, hivyo sehemu za giza ndizo za kwanza kukatwa. Matokeo yake ni viraka vya mraba vinavyotambaa ukutani, na vivuli vinavyogeuka ngazi ngazi kama ramani ya milima. Ukiona hivyo, usibonyeze rimoti, hakuna cha kurekebisha, kilichokatwa hakirudi. Tafuta nakala halali yenye ubora. Kwenye programu za kulipia, kiwango cha kati hula kama GB 0.7 kwa saa na HD hula kama GB 3, kwa hiyo filamu ya urefu huo ni kama GB 1 kwa kiwango cha kati, au GB 4 na nusu kwa HD. Najua bando linauma. Pakua usiku kwa Wi-Fi ya chuo, utazame kesho yake. Ukitazama moja kwa moja mtandao ukiwa unasuasua, programu inashusha ubora yenyewe bila kukuuliza, na mara nyingi unakuta imeshusha katikati ya kipande muhimu. (Na hiyo ya flashi, mwanangu, aliyeifanyia kazi hakupata hata shilingi. Nimesema, nimemaliza.)

Pili, TV. Zikitoka dukani nyingi huwa zimewekwa kwenye hali inayoitwa Vivid au Dynamic, ambayo imetengenezwa ili ing'ae chini ya taa za dukani na kumvuta mteja. Hali hiyo inasukuma rangi, inaipa ngozi ya mtu sura ya chungwa, inafanya nyeupe iwe ya bluu, na inazamisha vivuli. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua Movie, Cinema au Filmmaker. Siku ya kwanza utasema picha imekuwa ya njano na imefifia. Vumilia dakika 20, jicho litazoea, kisha rudisha Vivid uone jinsi inavyochoma. Sharpness ishushe karibu na sifuri, isipokuwa Sony ambako kawaida yake ni 50. Ikizidi, kila kitu kinazungukwa na mstari mweupe, hata kope za mtu.

Tatu, chumba. Umesema TV inatazamana na dirisha na taa ya dari inawaka. Hapo unachokiona gizani ni sura yako mwenyewe na ya Rehema mnayeishi naye. Zima taa ya dari, weka taa ndogo nyuma ya TV, iangaze ukuta. Na msogee. TV ya inchi 43 inatazamwa vizuri kutoka mita moja na nusu hivi. Kutoka kitandani mita nne, uso wa mhusika unakuwa mdogo kama wa picha ya kitambulisho, na filamu inayosimulia kwa nyuso itakuchosha tu.

Kuna jambo jingine ulilitaja kama mzaha, kwamba Unguja ile ilionekana "kama tamthilia ya mchana". Hukukosea, jicho lako limeona kitu cha kweli. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. TV yenu inaonyesha 60. Ili kuziba pengo, TV inabuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga kamwe. Inakisia tu: mkono ulikuwa hapa, sasa upo pale, basi katikati lazima ulipita hapa. Matokeo ni mwendo laini uliopitiliza, watu wanateleza kama wamepakwa sabuni, na mapambo yote ya zamani yanaonekana kama jukwaa la shule. Anayetaka kuhakikisha atazame mkono unaopita mbele ya uso: kama ukingo wa mkono una ukungu au unatetemeka, kitu hicho kimewashwa. Samsung hukiita Auto Motion Plus, na kwenye mpya kimewekwa ndani ya Picture Clarity. LG ni TruMotion. Sony ni Motionflow. Kizime. Mkitazama mpira mnaweza kukiwasha, hapo sina neno. Kumbuka tu kwamba TV nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake: ukizima kwenye HDMI 1 ya king'amuzi, HDMI 2 ya kompyuta bado ina mambo yake. Na ikishasasishwa programu yake, hakikisha tena.

Na yale maukanda meusi juu na chini usiyafute kwa kubonyeza Zoom. Rehema anayachukia, najua. Filamu iliyopigwa kwa umbo pana, lile la 2.39 kwa 1, haiwezi kujaza TV bila kukatwa; ukiikuza mpaka ijae, robo ya picha inaanguka pembeni. Watu wawili wakizungumza, mmoja kila upande, utabaki na pua mbili na meza.

Haya, tuseme yote hayo umeyaweka sawa. Je, Vuta N'kuvute itakuchosha tena? Huenda, na hapo sasa utakuwa na haki yako. Mimi ilinishika kwa masikio kwanza. Mwajuma, rafiki yake Yasmin, anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli huko Zanzibar, na filamu inaiacha taarab iseme yale ambayo wahusika hawathubutu kutamka mbele ya watu. Taarab ndivyo ilivyo, fumbo linapigwa hadharani na mlengwa anajijua. Kwa hiyo wakati wa wimbo usitazame mwimbaji peke yake, tazama nani anageuza uso. Lililonipungukia ni mapenzi ya Yasmin na Denge. Riwaya ina nafasi ya kuzunguka, kuwapeleka watu na kuwarudisha. Dakika 92 hazina nafasi hiyo, na mara mbili tatu nilihisi siasa imepewa kiti na mapenzi yameambiwa yasimame mlangoni. Pia waliosoma kitabu wanajaza mapengo bila kujijua. Asiyekisoma anaweza kusema, "Mbona huyu ameshampenda?" Swali halali kabisa hilo, na ningefurahi kulisoma kwenye ujumbe wako kuliko "imenichosha".

Sauti. Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi na hawajui. Malalamiko ni yale yale: muziki unapasua masikio, maneno hayasikiki, unakaa na rimoti mkononi kama dereva wa gia. Chanzo mara nyingi ni hiki. Sauti ya filamu imeandaliwa kwa spika sita, ile wanayoita 5.1, na maneno ya wahusika karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. TV yenu ina spika mbili, tena zinatazama chini au ukutani. TV inapozikunja spika sita ziwe mbili, ya katikati ndiyo inayomezwa. Fungua orodha ya sauti ndani ya programu unayotazamia, kama kuna chaguo la Stereo pembeni ya 5.1, chukua Stereo. Kama unatumia king'amuzi au kompyuta, weka sauti itoke kama PCM. Kama bado, tumia hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, midomo inafunga kabla neno halijafika; simu nyingi hujirekebisha zenyewe, TV nyingi hazifanyi hivyo. Kuchelewa huko, hata kukiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kunamfanya mwigizaji mzuri aonekane mbovu, nawe hujui kwa nini humwamini.

Sasa Nairobi Half Life. Ya mwaka 2012, mwongozaji David "Tosh" Gitonga. Unasema hukuelewa nusu. Sehemu ya hiyo nusu ni Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, na Kikuyu, na hilo lisikutie aibu, maana Mwas, mhusika mkuu, mwenyewe anatoka kijijini na Nairobi inamzungumzia kwa haraka asiyoiweza. Kupotea kwako kidogo kunakuweka upande wake. Lakini sehemu nyingine ya hiyo nusu, nadhani, ni manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, yaliyokuwa yanakimbia. Ulisema mwanzoni yalikuwa sawa, mwishoni mzaha unaandikwa kabla mtu hajausema. Hiyo ni dalili inayojulikana.

Kuna magonjwa mawili ya manukuu, na dawa zake hazifanani. La kwanza: yamepishana kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, labda sekunde mbili. Hilo ni dogo. Kwenye VLC, ile programu ya kutazamia video kwenye kompyuta, bonyeza G au H, kila mbonyezo husogeza manukuu kwa sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde, moja nyuma, moja mbele. Subiri mtu atamke neno lililo wazi, jina la mtu ni zuri zaidi, urekebishe mpaka jina na maandishi vikutane. La pili: yanaanza sawa kisha yanaachana polepole. Hapo faili la manukuu limeandaliwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde na wewe una ya picha 24. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa filamu ya dakika 96 kama hiyo, mwishoni wameachana karibu dakika 4. Ukibonyeza G na H utasawazisha hapo ulipo, na baada ya dakika 10 umerudi kule kule. Acha kuhangaika, tafuta faili jingine lililoandaliwa kwa nakala yako. Na ukisoma manukuu ya Kiingereza kwa filamu iliyosemwa Kiswahili, yasome kwa kona ya jicho. Matusi ya mtaani na utani huwa vimepoa kama chai ya jana.

Kilichonifurahisha mimi ni mwanzo wake. Mwas anauza diski za filamu kijijini, na ili auze anaigiza filamu nzima mbele ya wateja, sauti za watu wote, mapigano yote, yeye peke yake. Hapo tayari umepewa ufunguo. Baadaye anaporwa siku ile ile anayofika Nairobi, analala rumande, anaingia kundi la Oti linaloiba vipuri vya magari, huku akijaribu bahati kwenye tamthilia ya jukwaani, na kila mahali anafanya kazi ile ile ya kijijini: anasoma mteja anataka nini, anampa. Anaigiza kwa majambazi, anaigiza kwa wasomi wa jukwaani. Joseph Wairimu, anayemcheza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo wa 2012, na nadhani ni kwa sababu unaweza kuuona uso wake ukibadilika sekunde moja kabla ya maneno. Upande wa jukwaani niliuona mwembamba kuliko upande wa majambazi. Wale wa jukwaani wanazungumza kama watu waliokuwa wanasubiri zamu yao ya kusema. Wale wa mtaani wanakatizana, wanakosea, wanacheka pasipostahili. Tazama tena ukiwa umejali hilo tu.

Umeniuliza pia kama ni kosa kutazama filamu "iliyotafsiriwa", ile ambayo msimulizi anazungumza juu yake kwa lugha yetu. Wengine watakwambia ni ushamba. Mimi sisemi hivyo. Kazi ya Lufufu hapa kwetu, na DJ Afro kule Kenya, ni usimulizi wenye ufundi wake, na kibanda umiza kizima, kile cha kuonyeshea video mtaani, kinaweza kuangua kicheko kwa filamu ya Kichina ambayo yenyewe haina mzaha hata mmoja. Ila jua unachokipata. Msimulizi anahitaji nafasi ya sauti, kwa hiyo sauti ya asili inashushwa: upepo, hatua, pumzi, muziki, vyote vinakwenda chini, na palipokuwa na kimya anaweka maneno, kwani kimya kibandani ni biashara mbaya. Anawapa wahusika majina yake na wakati mwingine sababu zake. Ukisema filamu ilikuchekesha, ulichekeshwa na nani? Watu wawili wamefanya kazi hapo, wape kila mmoja haki yake. Uganda jambo hili lina mfano mzuri kuliko wote. Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana mwaka 2010, imebaki duniani ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake. Ile isiyo na msimulizi haikuhifadhiwa. Huko huwezi tena kumtoa msimulizi ukabaki na filamu.

Kibandani ndiko ilikotoka ile sheria mnayoijua wote: staringi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka korongoni, atafungwa kamba kwenye treni, lakini staringi hafi, na mwenye kulia kabla ya mwisho anachekwa.

Supa Modo inaichukua sheria hiyo na kumpa mtoto wa miaka 9. Jo ni mgonjwa, hatapona, na tunaambiwa mapema kabisa. Anapenda mashujaa wa filamu, na dada yake Mwix anamfanya aamini kwamba naye ana nguvu. Kijiji kizima kinaingia kwenye njama hiyo. Ndiyo hiyo tu. Likarion Wainaina (2018) hakuhitaji zaidi ya dakika 74. Umesema umelia mpaka umekasirika, na hasira hiyo naielewa: unahisi kama mtu amekutia mkono mfukoni. Nakupa njia ya kujua kama umeibiwa. Rudia zile dakika tatu zilizokuliza, mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Kama chozi linakuja bila muziki, basi limetoka kwenye kile watu wanachofanya. Mara ya pili geuza uso, sikiliza tu. Kama chozi linakuja kwa sauti peke yake na picha ilikuacha mkavu, hapo vinanda vimefanya kazi ambayo hadithi ilishindwa, nawe una haki ya kulalamika.

Mimi nikijipima hivyo, panaponiangusha ni mpirani. Jo anatumia "nguvu" zake, na wachezaji wanaganda uwanjani kama sanamu, miguu hewani, ili mtoto mmoja apite. Ukiitazama bila sauti ni kichekesho, watu wazima wanatetemeka kwa kusimama mguu mmoja. Na ndicho kinachouma, maana kila mmoja pale anajua. Hakuna anayelia kwenye picha. Kazi ya kulia tumeachiwa sisi.

Kuna jambo utaliona tofauti na mimi na sitaki tukubaliane. Mama yake Jo anataka mtoto alale, apumzike, alindwe. Mwix anataka atoke nje aishi. Filamu kidogo kidogo inaelekea kwa Mwix. Mimi nilikuwa upande wa mama kwa zaidi ya nusu yake, na nikaishukuru filamu kwamba haikumfanya kichekesho wala katili. Wewe, najua, ulikuwa na Mwix tangu mwanzo. Niandikie ni kipande gani kilichokufanya uwe upande huo, usiniandikie kwamba wazee hatuelewi.

Sasa, kuandika. Nunua daftari dogo, usitumie simu, simu ukiishika itakuonyesha mengine. Wakati wa kutazama usiandike sentensi. Weka dakika na neno moja. "41, mlango." "58, usingizi." Usisimamishe filamu kwa sababu ya maji au chapati, nenda chooni kabla. Mwongozaji amepima pumzi ya kila kipande, na ukiikata katikati umepanga upya muziki wake kisha unasema haukuchezeka. Filamu ikiisha, kabla hujamuuliza Rehema ameionaje na kabla hujasoma ya watu, andika mistari minne. Picha gani imebaki ukifumba macho. Dakika gani ulianza kujigeuzageuza, na ni nini kilikuwa kwenye skrini. Ulidhani nini kitatokea ambacho hakikutokea. Na swali moja ambalo ungemuuliza mhusika, siyo mwongozaji. Maneno "kali", "mbovu" na "inaboa" yaweke kando siku hiyo. Kesho yake soma ulichoandika. Mara nyingi lililobaki asubuhi silo ulilolipigia kelele usiku.

Utakuta kwamba mstari wa pili ndio mgumu. Watu hudhani wanachoka kwa sababu filamu ni ya polepole, wakati mara nyingi wamechoka kwa sababu wameshajua jibu na filamu bado inauliza. Kuna filamu za mapigano zenye mkato kila sekunde mbili zinazochosha kwa sababu hiyo hiyo. Andika ni lipi kati ya hayo.

Jumamosi ijayo tazama Kati Kati ya Mbithi Masya, ya 2016. Dakika 75. Kaleche anajikuta nyikani na gauni la hospitali, hakumbuki kitu, anafika kwenye loji yenye watu wanaomsubiri. Usisome muhtasari wowote, hata ule wa mistari miwili kwenye programu, maana unafichua kile ambacho ulipaswa kukipata pamoja naye. Hiyo ilipewa tuzo ya wahakiki, FIPRESCI, kwenye tamasha la filamu la Toronto. Kimya chake ni kirefu na upepo wake una kazi, kwa hiyo hedifoni za waya, na isiwe nakala ya DJ. Sikuambii mimi niliionaje mpaka mistari yako minne ifike.

Bando nimekutumia, liangalie, lina mwisho wake Jumapili usiku. Msalimie Rehema, mwambie Zoom aiache.

Wasalaam,
Mama yako

Nimesahau: kama baada ya kuzima ule ulaini picha inakuwa na mtikisiko kidogo kamera inapogeuka haraka, usiogope ukaiwasha tena. Ndivyo picha 24 zinavyokuwa kwenye TV ya 60, maana 24 haiingii 60 sawasawa, picha moja inakaa kidogo zaidi ya mwenzake. Tafuta kwenye mipangilio kitu kinachoitwa Real Cinema kwa LG au CineMotion kwa Sony, ukiwashe hicho peke yake.